Makhan Singh, Mpunjabi aliyeifanya Nairobi kuwa kwao

ALFAJIRI inapopambazuka katika soko la Gikomba, jijini Nairobi, marobota ya mitumba huwa tayari yanafunguliwa, maseremala wakipiga randa mbao za vitanda na makabati, na nyundo za mafundi wa jua kali zikianza kulia karibu na Mto Nairobi. Hatua chache kutoka hapo ipo mitaa ya Pumwani na Shauri Moyo, na mbele kidogo mtaa wa Kaloleni. Ni wachache miongoni mwa wanaopita humo kila siku wanaofahamu kwamba mnamo Mei 1950 wafanyakazi wa mitaa hiyo waliweka zana zao chini kwa zaidi ya wiki moja, wakitaka viongozi wao wawili waachiliwe huru.

Kiongozi mmoja alikuwa Fred Kubai. Wa pili alikuwa Makhan Singh, Kalasinga mwenye kilemba, mzaliwa wa kijiji cha Gharjakh katika jimbo la Punjab, ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba mtu huyo alikuwa mgeni mchochezi, na kwamba dawa yake ilikuwa kupakiwa melini arudishwe kwao. Yeye alishikilia kwamba kwao ni hapa. Kwa sababu ya tofauti hiyo alinyimwa zaidi ya miaka 11 ya kuishi pamoja na mkewe na watoto wake.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Lakini hawakueleza mtu hupataje kwao: kwa kuzaliwa mahali, au kwa kupatolea jasho. Maisha ya Makhan Singh yalikuwa jibu refu, na la gharama kubwa, kwa swali hilo.

Utoto wa Punjab

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913, katika wilaya ya Gujranwala, eneo ambalo leo liko nchini Pakistan. Wakati huo Bara Hindi lote lilikuwa chini ya Waingereza.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano, Aprili 1919, wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi raia waliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh mjini Amritsar na kuua mamia. Siku iliyofuata ndege za kivita zilidondosha mabomu katika mji wa Gujranwala na vijiji vya kandokando. Huo ndio ulimwengu aliokulia kijana huyo: ulimwengu ambamo mkoloni hakuwa habari ya kusimuliwa, bali kishindo kilichotoka angani.

Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Mwaka wa 1920 alivuka bahari na kuja Kenya kutafuta kazi katika shirika la reli. Hakuwa wa kwanza. Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka Bara Hindi waliletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi wao walirudi makwao baada ya mikataba kwisha, maelfu walikufa au kulemazwa, na wachache wakabaki. Kizazi cha Sudh Singh kilikuja baadaye kwa hiari yake, kikiwa na ujuzi wa useremala, uashi na uhunzi.

Mpango wa jamaa nyingi za Punjab ulikuwa mmoja. Mume hutangulia, akapata kazi na chumba cha kupanga, akawa anatuma fedha nyumbani, kisha baada ya miaka kadhaa akawaita mke na watoto. Katika muda huo wa kusubiri, watoto walimjua baba kwa barua. Kwa Makhan Singh kusubiri huko kulichukua miaka saba. Alikuwa na umri wa miaka 13 alipopanda meli pamoja na mama yake mwaka wa 1927, akateremka Mombasa na kupanda gari la moshi hadi Nairobi.

Mji wa wageni watupu

Nairobi waliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijitengea sehemu za magharibi zenye hewa safi na viwanja vipana. Wahindi waliishi kuzunguka mtaa wa biashara, Ngara na Parklands. Waafrika waliruhusiwa kukaa upande wa mashariki, hasa Pumwani, mtaa uliofunguliwa mapema katika miaka ya 1920. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Waafrika cha Pangani kilibomolewa, na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Hata hivyo, kuna jambo moja lililowaunganisha maskini wa pande zote mbili. Karibu kila mtu alikuwa ametoka kwingine. Kuli wa Pumwani alikuwa ameacha mke na shamba Murang'a, Machakos au Nyanza. Fundi wa Kihindi alikuwa ameacha wazee wake Punjab au Gujarat. Jioni wote waliketi na kuwaza nyumbani, kila mmoja kwa lugha yake.

Tofauti ilikuwa kwamba Mwafrika alifanywa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Alitembea na kipande shingoni, na asipokuwa na kazi angeweza kufurushwa mjini. Mshahara wake ulikadiriwa kama wa mwanamume asiye na mke wala mtoto, kwa hoja kwamba familia yake italishwa na shamba la mashambani. Kwa hesabu hiyo, mji ulitaka mikono ya mfanyakazi lakini haukutaka jamaa yake.

Kijana Makhan Singh aliingia katika shule ya serikali ya Wahindi, ambayo leo ni Shule ya Upili ya Jamhuri. Alikuwa hodari darasani, na vilevile alitunga mashairi kwa Kipunjabi, lugha ya mama yake. Mwaka wa 1931 alifaulu mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, lakini familia haikuwa na uwezo wa kumlipia masomo ya juu.

Baba yake alikuwa ameanzisha kiwanda kidogo cha kupiga chapa, naye akaajiriwa humo. Huko ndiko alikojifunza kupanga herufi, kuendesha mtambo, na kusikiliza malalamiko ya mafundi waliokuja kuchapishiwa matangazo na barua zao.

Sudh Singh mwenyewe alikuwa ameshiriki juhudi za mafundi wa reli kujiundia chama katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mazungumzo ya mishahara na haki hayakuwa mageni nyumbani mwao.

Chama kinachofungua mlango

Mnamo Machi 1935 Makhan Singh, akiwa na umri wa miaka 21, alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi jijini. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Mwezi uliofuata chama kilibadilishwa jina na kuwa Labour Trade Union of Kenya, na uanachama ukawa wazi kwa mfanyakazi wa rangi na dini yoyote.

Leo uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo. Katika Kenya ya 1935, ambako shule, hospitali, vyoo na hata mabehewa ya reli yalitengwa kwa rangi, ulikuwa uasi. Mkoloni alitegemea sana Mhindi na Mwafrika watazamane kwa jicho la kijicho, fundi mmoja akilipwa zaidi ya mwingine kwa kazi ileile. Makhan Singh aliona kwamba madhali mgawanyiko huo upo, hakuna atakayelipwa vya kutosha kulea watoto wake.

Vijikaratasi vya chama vilitoka mtamboni kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mwaka wa 1936 chama kilianza kampeni ya kudai kazi ya saa nane kwa siku. Aprili 1937 ukazuka mgomo uliodumu siku 62, walioushiriki wengi wao wakiwa mafundi wa Kihindi. Ulipokwisha, waajiri walikuwa wamekubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 15 na 22. Mwaka huohuo chama kilipanua mipaka yake na kuitwa Labour Trade Union of East Africa.

Ushindi huo ulisikika hadi Pumwani. Kufikia Julai 1939, Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa chama cha Kikuyu Central Association, walichaguliwa katika kamati kuu ya chama hicho cha wafanyakazi. Wakati mgomo mkubwa ulipotikisa Mombasa mwaka huo, serikali ilianza kulitaja jina la Makhan Singh kwa wasiwasi.

Kufungiwa katika kijiji cha utotoni

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza, na Mei 1940 alikamatwa huko na kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Alipotolewa kizuizini mwaka wa 1942 hakuachwa huru. Aliamriwa asivuke mipaka ya kijiji chake cha Gharjakh, na amri hiyo ilidumu hadi Januari 1945.

Msafiri wa Nairobi akawa amefungiwa mahali palepale alipozaliwa. Wengi walioishi ugenini huota siku ya kurudi katika kijiji cha utoto wao. Yeye alipewa kijiji hicho kama gereza.

Alipoachiliwa alifanya kazi ya uhariri katika gazeti la chama cha Kikomunisti cha Punjab. Lakini Punjab yenyewe ilikuwa karibu kupasuka. Agosti 1947 Waingereza waliondoka na Bara Hindi likagawanywa kuwa India na Pakistan. Mpaka ulipita katikati ya Punjab. Gujranwala na Gharjakh zilianguka upande wa Pakistan, na jamii za Kalasinga na Wahindu zilizoishi huko kwa karne nyingi zikalazimika kuhama, huku Waislamu wakihama kutoka upande wa pili. Zaidi ya watu milioni 10 walivuka mpaka huo mpya, na mamia ya maelfu wakauawa.

Ni katika mwezi huohuo wa Agosti 1947 ambapo Makhan Singh alirejea Kenya. Kijiji alichozaliwa kilikuwa kimebaki katika nchi ambayo watu wa jamii yake walikuwa wakiikimbia. Kuanzia hapo, kumwambia mtu huyo arudi kwao kulikuwa ni kumwelekeza mahali ambapo hapakuwa tena na mlango wa kubisha.

Serikali haikujali hayo. Mara alipowasili ilianza kutafuta njia za kumwondoa nchini kama mhamiaji asiyetakiwa. Alikamatwa, akafikishwa mahakamani, akapinga amri hizo hatua kwa hatua hadi juhudi hizo zikagonga mwamba. Kati ya kesi moja na nyingine aliendelea kupanga vyama vya wafanyakazi.

Kutoka Pumwani hadi Kaloleni

Nairobi ya baada ya vita ilikuwa imefurika. Waliotoka vitani na waliofukuzwa katika mashamba ya walowezi waliingia mjini kutafuta riziki, na chumba kimoja cha Pumwani kikalaza watu wengi kwa zamu. Serikali ilikuwa imejenga mtaa wa Kaloleni katika miaka ya 1940, ukiwa na nyumba zilizokusudiwa familia, lakini nyumba hizo zilikuwa chache mno zikilinganishwa na umati uliozihitaji.

Baadhi ya waliokosa ajira walijitafutia kazi za mikono. Vijana wa Kiafrika waliowahi kuwa wasaidizi katika karakana za Wahindi, wakishika koleo na kupuliza moto, walianza kujitegemea kwa kufua mabati na kutengeneza taa, ndoo na majiko. Huo ni mojawapo wa mizizi ya ufundi wa jua kali unaojulikana leo Gikomba na Kamukunji.

Mei 1, 1949, vyama vya madereva na wachukuzi, washonaji nguo, washona viatu, wapiga chapa na wengineo viliungana kuunda East African Trade Union Congress. Fred Kubai alichaguliwa kuwa rais, Makhan Singh akawa katibu mkuu. Serikali ilikataa kuutambua muungano huo.

Machi 30, 1950, Nairobi ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na sherehe kubwa zikaandaliwa. Muungano wa wafanyakazi uliwataka wanachama wake wasusie. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: jiji lilikuwa likijipongeza ilhali waliolijenga walilala sakafuni.

Wiki tatu baadaye, Aprili 23, mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki ulifanyika katika ukumbi wa Kaloleni. Hapo Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, tena bila kungoja. Wanahistoria wengi huhesabu tukio hilo kuwa mara ya kwanza kwa dai hilo kutolewa waziwazi katika mkutano wa hadhara nchini Kenya. Katika ukumbi wa Eastlands, aliyelitamka alikuwa mtu ambaye serikali ilimwita mgeni.

Mei 15, 1950, yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake mgomo ukaanza. Mbali na kutaka viongozi hao waachiliwe, wafanyakazi walidai mshahara wa chini wa Sh100 kwa mwezi. Polisi walirusha vitoa machozi Pumwani na Shauri Moyo, magari ya deraya yakazunguka mitaani, na ndege za kijeshi zikapaa juu ya jiji. Mgomo ulienea katika miji mingine kabla ya kuzimwa baada ya zaidi ya wiki moja.

Dai la Sh100 halikuwa la kupita kiasi. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1954, kamati ya serikali yenyewe iliyochunguza mishahara ya Waafrika, maarufu kama Kamati ya Carpenter, ilikiri kwamba malipo yaliyokuwapo hayakumtosha hata mwanamume mmoja asiye na familia, ikapendekeza mshahara unaozingatia mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto. Waliopigwa marungu mwaka wa 1950 walikuwa wamesema jambo hilo mapema.

Miaka 11 mbali na nyumbani

Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, ambaye baadaye angesikiliza kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria. Mahakamani hakujaribu kujipunguzia makali. Alieleza kwamba yeye ni Mkomunisti, na kwamba Waingereza hawakuwa na haki ya kuitawala Kenya. Jaji aliona kwamba alikuwa mtu asiyefaa kuachwa huru.

Gavana Philip Mitchell alitia sahihi amri ya kumzuilia bila kikomo. Kwa kuwa kumtupa ng'ambo kulishindikana, walimtupa ndani ya Kenya yenyewe. Juni 5, 1950, alifikishwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia na Sudan. Baadaye alihamishiwa Maralal, kisha Dol Dol, kaskazini mwa Mlima Kenya.

Aliacha Nairobi mke, Satwant Kaur, na watoto watatu, wavulana wawili na msichana. Katika jina la mmoja wa wavulana hao aliingiza neno swaraj, ambalo kwa lugha za Bara Hindi lina maana ya kujitawala. Watoto hao walikua, wakasoma na kuingia utu uzima huku baba akiwa kizuizini. Yeye aliyemsubiri baba yake kwa miaka saba huko Gharjakh, sasa watoto wake walimsubiri kwa zaidi ya 11.

Hapa ndipo palipo kiini cha maisha yake. Njia ya kutoka kizuizini ilikuwepo. Serikali ingefurahi sana kumwona akiikubali safari ya kwenda India pamoja na mkewe na watoto na kuisahau Kenya. Badala ya kuwa na familia yake katika nchi nyingine, alikaa peke yake katika nchi aliyoiita kwao, umbali wa safari ya gari tu kutoka nyumbani kwake.

Mzigo wa uamuzi huo haukumwangukia yeye peke yake. Satwant Kaur ndiye aliyebaki na nyumba, karo na maswali ya watoto. Historia ya ukombozi wa Kenya imewaandika wanaume waliofungwa kuliko wanawake walioachwa wakihesabu miaka, lakini bila wao wafungwa wengi wasingekuwa na mahali pa kurudi.

Wala hakuwa peke yake katika mateso hayo. Oktoba 20, 1952, serikali ilitangaza hali ya hatari. Aprili 24, 1954, maelfu ya askari waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kupekua mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba. Wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru walipakiwa katika malori na kupelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, wake na watoto wengi wakirudishwa mashambani kwa nguvu. Familia ya Kalasinga mmoja na familia za maelfu ya Waafrika zikawa zimevunjwa na mkono uleule.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Makhan Singh aliendelea kuzuiliwa hadi Oktoba mwaka huo, akiwa miongoni mwa waliokaa kizuizini kwa muda mrefu zaidi katika Kenya ya kikoloni. Alirudi Nairobi akiwa na umri wa miaka 47. Aliowaacha wakiwa watoto wadogo walimpokea wakiwa vijana.

Baada ya uhuru

Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa. Dai lililotolewa katika ukumbi wa Kaloleni lilikuwa limetimia, lakini aliyelitoa hakupewa wadhifa wowote mkubwa serikalini. Harakati za wafanyakazi zilikuwa zimepata viongozi wapya, na siasa za wakati huo wa mvutano kati ya Mashariki na Magharibi hazikuwa na nafasi kwa mtu asiyeficha Ukomunisti wake. Mwaka wa 1965 Pio Gama Pinto, mpigania uhuru mwenye asili ya Goa, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi.

Kisha likaja jaribio jingine la swali lilelile la kwao. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka wa 1967 ziliwabana wakazi wa asili ya Kiasia wasiokuwa raia wa Kenya. Mapema mwaka wa 1968 maelfu walikimbilia Uingereza kabla ya nchi hiyo kufunga milango yake mwezi Machi. Jamaa zilizoishi Nairobi kwa vizazi viwili zilianza upya katika vyumba baridi vya London, Leicester na Birmingham, zikipika chapati na kuzungumza Kiswahili kwa kukumbuka Kenya, kama vile wazee wao walivyozungumza Kipunjabi na Kigujarati kwa kukumbuka Bara Hindi.

Makhan Singh hakuondoka. Alitumia miaka yake ya mwisho kuandika. Mwaka wa 1969 kilichapishwa kitabu chake kuhusu historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, na cha pili kilitoka mwaka wa 1980 baada ya kifo chake. Aliyaandika majina ya madereva, makuli na washonaji ambao hawakuwa na mwingine wa kuwaandika, akijitaja yeye mwenyewe kwa uchache. Nyaraka alizozihifadhi kwa miaka mingi ziko katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na maisha yake yalisimuliwa na Zarina Patel katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 2006.

Alifariki jijini Nairobi mnamo Mei 18, 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Hakuacha mali kubwa wala jumba la kifahari.

Mnamo Julai 2017 serikali ya Kenya iliitambua rasmi jamii ya Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 nchini. Miaka 44 ilikuwa imepita tangu kifo chake, na 67 tangu alipokamatwa.

Wazee walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Makhan Singh hakungoja kupewa jembe. Alilichukua mwenyewe na kulilimia shamba la wengine hadi likawa lake pia. Gikomba ya leo bado imejaa watu waliotoka mbali: wa vijijini wanaotuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi, wakimbizi, na wafanyabiashara kutoka nchi jirani. Wengi wao wanalea watoto katika vyumba vya kupanga huku wakiota kwingine. Swali la mshahara unaotosha kulea familia mjini, lililowafanya wazee wa mitaa hiyo waweke zana chini mwaka wa 1950, wanaamka nalo kila alfajiri.